Oktoba ya Dodoma imeanza kuchoma: wikendi mnavaa nini, na nani anajitengenezea hereni, kofia na vikuku mwenyewe?

Binti wa Ilazo (mwanzisha uzi), Jumapili saa 8:12 mchana

Wakuu habari za mchana, poleni na jua.

Mwaka jana mwezi kama huu nilihamia Dodoma kikazi nikitokea Dar. Kituo changu kikawa Mtumba, Mji wa Serikali, na wiki ya kwanza tu nikagundua mtu anaweza kwenda Mtumba kavaa mtumba na hakuna wa kumshangaa. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu ya kwanza hapa. Ya pili bado naisubiri.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuja na begi limejaa nguo za joto la pwani: vitopu vya kamba, magauni mafupi, kandambili za maua, na madera mawili ya kuteleza. Mtandaoni nilikuwa nafuata zile kurasa za mitindo ya kiangazi cha Ulaya, watu wapo ufukweni na vikofia vyao, nikasema mimi huyo. Jumamosi ya kwanza nikatinga kitopu kwenda mnada wa Msalato kula nyama. Saa sita mabega yanawaka. Saa kumi upepo umenijaza vumbi mpaka ndani ya masikio. Saa mbili usiku niko nyuma ya bodaboda natafuta kanga ya kujifunika. Kesho yake mkanda wa sidiria ukigusa bega natoa machozi.

Baada ya mwaka mzima nimefika mahali pa kusema hivi: joto la Dar unalivulia nguo, joto la Dodoma unalivalia nguo. Siku hizi wikendi yangu ni shati la pamba la mikono mirefu (la mtumba, la kiume, saizi kubwa kuliko yangu), suruali ya bwanga, na mtandio mwepesi ambao mchana ni kofia, vumbi likija ni barakoa, na usiku ni shuka. Madera ya kuteleza nimempa mdogo wangu wa Temeke, yeye kwake yanamfaa.

Nguo zenyewe zikiwa za kawaida hivyo, urembo unabaki kwenye vikorokoro, na hapo ndipo nilipoanza kujitengenezea. Hereni za kitenge ndizo nilizozizoea. Sinunui kitambaa; mafundi wanatupa makapi ya kila rangi, unaomba tu. Nakata maduara manne ya boksi la viatu, nabandika mawili mawili kwa gundi nyeupe ya mbao, naweka chini ya tofali usiku kucha yasijikunje. Kesho yake navika kitambaa pande zote mbili, ukingoni napiga uzi wa kudarizi wa rangi inayogombana na kitenge kwa makusudi, halafu napaka gundi ileile iliyolegezwa kwa maji. Natoboa, napitisha kipete, naning'iniza kikulabu, basi. Ni nyepesi kiasi kwamba unasahau umevaa.

Ubaya wake: mvua ya kwanza ya Desemba zilivimba kama maandazi nikiwa njiani.

Nyie mnafanyaje? Nguo mnavaa zipi, na mikono yenu inatengeneza nini? Naomba kuwasilisha.

Kiti cha Nyuma, saa 8:20 mchana

Nimewahi siti. Ngoja waje.

Mpiga Picha wa Area D, saa 8:41 mchana

Uzi wa urembo bila picha ni sawa na kwenda Msalato ukala kachumbari peke yake.

Mwalimu Jiografia, saa 9:05 alasiri

Dada umeeleza kwa mwili wako kile ninachohangaika kukieleza darasani.

Dodoma tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi hewa inakuwa kavu. Dar jasho linakaa mwilini kwa sababu hewa imeshashiba unyevu, ndiyo maana nguo yoyote ile ni adhabu na watu wanapunguza. Huku jasho linakauka kabla hujaliona. Unadhani hutoki jasho, kumbe unatoka na maji yanaisha mwilini. Nguo ndefu iliyopwaya inakuwekea kivuli cha kutembea nacho, huku upepo unaingia kwa chini na kutokea shingoni. Usiku hewa kavu haishiki joto, ndiyo maana baridi ikakukuta kwenye bodaboda.

Na mwezi huu ndio wenyewe. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: wiki ya pili ya Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi. Machi kwa kawaida kuna mawingu ya masika yanatusitiri. Oktoba hakuna wingu. Toka nje saa sita na nusu mchana wiki hiyo utafute kivuli chako, utakikuta umekikanyaga. Kapelo inakinga paji la uso tu, masikio na shingo vinabaki sadaka. Kofia iwe ya pama.

Fundi Bwanga, saa 9:50 alasiri

Nashona Majengo mwaka wa kumi na nne huu, ngoja niseme la kitambaa maana wengi wanapigwa hapa.

Wateja wanasema "fundi nataka pamba", wanakwenda wanaletewa poliesta iliyochapwa maua ya kitenge. Dawa yake ni kiberiti. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni ya kitambaa, ziwashe. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inanuka plastiki, na ikipoa inaacha kitone kigumu kama shanga. Ikiwa imechanganywa utaona vyote viwili. Muuzaji akikukatalia kuchomoa nyuzi mbili, umeshajua jibu. Fanyia nje, msiniunguzie soko.

Jambo la pili ni bitana. Mtu analeta pamba nzuri kabisa, halafu anataka gauni liwekwe bitana ya kuteleza mwili mzima. Hapo umevaa mfuko ndani ya pamba. Kama kitambaa kinaonyesha, bitana ninayoweka ni ya pamba nyembamba, na iishie magotini.

La tatu, loweka kitenge na ukifue kabla hujaniletea. Pamba inarudi. Mwaka juzi nimeshona suruali ishirini na mbili za kwaya, walipozifua mara ya kwanza zikawa za kuvukia mto. Lawama zote kwangu.

Makapi njooni mchukue bure, ila mje Jumatatu, Jumamosi nina foleni.

Mjukuu wa Mpwapwa, saa 10:22 jioni

Fundi hapo kwenye suruali za kwaya nimechekaaa.

Mama Shanga, saa 11:03 jioni

Hamjambo wanangu. Mimi ni wa Chamwino, shanga nimefundishwa na mama, naye kafundishwa na mama yake. Bibi zetu wa Kigogo wakitoka kwenda kupiga ngoma ya muheme, shanga ziko kichwani, shingoni na kifuani, na hakuna aliyewauliza kama ni msimu wa joto.

Nyie vijana mnaharibikiwa kwenye uzi wa kutungia, shanga zenu nyingi hazina kosa. Mnatumia mshipi wa kuvulia samaki kwa kuwa ni rahisi na hauhitaji sindano. Mshipi ukikaa juani miezi unakakamaa, ukikunjwa unakatika, na siku inakatika uko katikati ya watu. Tumieni uzi wa nailoni wa kushonea viatu, ule mwembamba, na kabla ya kutunga uupitishe kwenye nta mara mbili tatu. Nta waulizeni wauza asali wa Manyoni, wanayo. Ukikosa, hata mshumaa utasaidia, ila nta ya nyuki inashika zaidi na haimenyeki. Uzi wenye nta hauliwi na vumbi wala haufumuki nyuzi, na fundo likikaa limekaa.

Kwa lastiki: ivuteni kwanza kabla ya kutunga. Ishike ncha mbili, vuta taratibu mara kadhaa. Usipofanya hivyo bangili italegea baada ya wiki na utaona nafasi kati ya shanga kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Shanga zenyewe: namba inavyokuwa kubwa ndivyo punje inavyokuwa ndogo. Namba 11 ni kama milimita mbili, namba 8 ni kama tatu. Anayeanza achukue 8, macho yatamshukuru. Za kioo nzuri zinatoka Jamhuri ya Czech tangu enzi za wazee, na ukizimwaga kwenye sahani zinalia. Za plastiki hazilii, na jua la hapa linazipausha. Kuna nyingine ni za kioo lakini rangi imepakwa juu tu. Weka tatu kwenye kitambaa cheupe chenye spiriti, zisugue. Kitambaa kikipata rangi, jasho lako pia litaipata.

Binti wa Ilazo, saa 11:15 jioni

Shikamoo mama! Kumbe ndiyo maana mkufu wangu ulimwagika kanisani wakati wa sala. Watoto waliokota shanga mpaka mahubiri yakasimama. Nilitumia mshipi.

Mama Shanga, saa 11:19 jioni

Marahaba mwanangu. Pole. Zilizookotwa zilete nikuonyeshe.

Baba Kijiwe, saa 12:30 jioni

Mimi nauliza tu kwa nia njema. Hivi mnavyohamasisha vikuku, hamjui kikuku mguuni kina maana yake?

Mjukuu wa Mpwapwa, saa 12:34 jioni

Ameshafika.

Binti wa Ilazo, saa 12:40 jioni

Maana yake nina mguu.

Mama Shanga, saa 12:52 jioni

Baba, vikuku vimevaliwa na mabibi waliozaa babu zako. Hayo maneno ya mjini yamekuja jana. Anayetaka avae, asiyetaka asivae. Turudi kwenye shanga.

Baba Kijiwe, saa 1:01 usiku

Nimeelewa mama. Samahani.

Dereva wa Singida, saa 1:30 usiku

Wanaume hatumo kwenye huu uzi? Maana nasoma hereni, hereni, kikuku.

Katambuga Original, saa 1:58 usiku

Umo, kaa hapa.

Kwanza viatu. Kandambili ni za bafuni na za Dar. Huku ukikatiza uwanja wowote kiangazi unakutana na mbigiri, zinapenya soli laini mpaka unyayoni. Katambuga za tairi hazina habari na mbigiri. Wengi wanaziona za wafugaji, lakini mimi naziwekea mkanda wa ngozi uliosukwa badala ya ule wa mpira, navaa na pensi ya kaki na shati la kitenge, naingia nazo Nyerere Square na watu wanauliza nimenunua wapi. Soli anakata fundi wa tairi, maana kisu chake ni cha kazi hiyo. Ukijaribu nyumbani kwa kisu cha jikoni utapoteza kidole. Mikanda nasuka mwenyewe.

Hapo kwenye ngozi nina ushuhuda. Nilijiona mjanja, huu si mkoa wa mifugo? Nikachukua ngozi mbichi ya mbuzi kwa mchinjaji, nikaipaka chumvi, nikaiwamba juani siku tano, ikawa kavu kama ubao. Nikakata bangili tatu na mkanda wa saa, nikavaa. Siku ya kwanza safi. Siku ya pili jasho likaingia, ngozi ikalainika, ikaanza kukumbuka kwamba ilikuwa mbuzi. Mbwa wa jirani alinisindikiza mpaka stendi.

Kukausha na kuchakata ni mambo mawili tofauti. Ngozi inatakiwa ilowekwe kwenye maji ya magome yenye ukakasi, kama ya miwati, ndipo isioze tena ikilowana. Kazi ya wiki nyingi na harufu yake hamtaiweza nyumba ya kupanga. Sasa hivi naokota vipande kwa mafundi viatu, au nanunua mikoba ya ngozi ya mtumba iliyochanika zipu, naikata. Mkoba mmoja unatoa bangili kumi na zaidi.

Dereva wa Singida, saa 2:06 usiku

"Ikaanza kukumbuka kwamba ilikuwa mbuzi" 😂😂 Mkuu umeniua.

Mzee wa Vibuyu, saa 2:47 usiku

Binti, hereni zako za boksi nimezisoma. Acha boksi. Tumia kibuyu.

Kibuyu kilichokauka vizuri ni chepesi kama boksi na kigumu kama ubao. Chukua kilichopasuka, maana kizima kina kazi yake ya maziwa. Chora umbo kwa penseli, kata kwa ule msumeno mwembamba wa chuma, piga msasa kuanzia mkali kwenda laini. Ziba pua na mdomo wakati wa kupiga msasa, lile vumbi si zuri kifuani. Nakshi unachoma kwa waya wa moto au msumari ulioshikwa kwa plaizi. Ukimaliza paka mafuta ya alizeti, futa, rudia kesho yake. Mafuta ya Singida yapo tele. Rangi inakuja ya kahawia iliyoiva yenyewe, na mvua ya Desemba haikufanyi kitu.

Kibuyu kina mbinuko wa asili, kwa hiyo hereni mbili zikatwe sehemu moja ya kibuyu, la sivyo moja itatazama mbele na nyingine itatazama nyuma.

Binti wa Ilazo, saa 2:55 usiku

Mzee hii ni dhahabu. Boksi nimeacha rasmi.

Chausiku wa Makole, saa 3:20 usiku

Mimi kofia. Nilinunua ya ukili njiani, ikanikalia vizuri wiki mbili, halafu ikaanza kukatika pale kwenye mkunjo. Nikadhani nimeuziwa mbovu. Kumbe ukili ukikauka sana unakuwa kama biskuti, na hewa ya huku inaukausha haraka kuliko ya pwani ulikosukwa. Sasa kila nikitaka kuinyoosha au kuikunja pembe naipulizia maji kwanza, nasubiri dakika kumi, ndipo naigusa. Usiku inalala juu ya bakuli, haining'inizwi kwenye msumari.

Upepo nao. Niliishonea utepe wa kanga unaopita juu ya kofia na kufungwa kidevuni. Inapendeza kuliko kofia yenyewe. Pindo la kanga lile lenye nukta linatosha, sehemu ya jina nikaiacha kwa mto wa kochi.

Kikapu: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 nyumbani tulikuwa na kikapu cha milulu cha Iringa cha kwenda nacho sokoni. Nikakishonea bitana ya jinzi ya mtumba na mfuko wa ndani wa simu, sasa ni mkoba wa wikendi. Mama ananidai kikapu chake mpaka leo.

Mwanachuo Jikoni, saa 3:48 usiku

Kuna mtu kajaribu batiki? Nataka fulana nyeupe za mtumba nizitie rangi, maana nyeupe na vumbi la Dodoma haviishi nyumba moja.

Mwanachuo Jikoni, saa 3:49 usiku

Naongeza: tayari nimeharibu sufuria moja. Nilichanganya ile kostiki soda kwenye sufuria ya alumini, ikaanza kutoa povu na moshi yenyewe bila moto. Nilikimbia.

Dada Batiki, saa 4:15 usiku

Mdogo wangu, ulikimbia vizuri. Kostiki inaila alumini na ile hewa inayotoka inashika moto. Ndoo ya plastiki tu, au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Glavu ndefu, miwani, nje ya nyumba, na watoto wawe mbali. Kostiki ndiyo unamwagia kwenye maji kidogo kidogo. Usimwagie maji juu ya kostiki, itakurukia.

Rangi zetu za batiki zinahitaji vitu vitatu: rangi yenyewe, kostiki na haidro (ule unga unaoifanya rangi iyeyuke majini). Kitambaa kikiwa ndani ya ndoo usishangae kukiona rangi ya ajabu, kijani au njano. Ukikitoa kikapigwa na hewa ndipo rangi yake ya kweli inakuja mbele ya macho yako. Hapo ndipo nilipoipendea hii kazi. Ila inashika pamba tu. Fulana ya mtumba soma lebo ya ndani, ikiwa nusu poliesta rangi itatoka ya mchujo. Lebo imekatwa? Kiberiti cha Fundi Bwanga.

Kwa anayeanza achana na nta ya kuzuia rangi, funga mafundo. Kunja fulana kama feni, funga lastiki au kamba kwa nguvu, chovya. Ukitaka duara, weka punje ya harage ndani kisha funga. Suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini. Rangi ya udongo wa matofali ndiyo nakushauri: vumbi likikaa juu yake halionekani, unavaa Jumamosi na Jumapili bila mtu kujua.

Mwanachuo Jikoni, saa 4:21 usiku

Asante dada. Sufuria ilikuwa ya mwenzangu wa chumba. Niombeeni.

Kiti cha Nyuma, saa 4:40 usiku

Nilikuja kukaa tu, sasa nina kibuyu mkononi saa nne usiku na mke wangu ananitazama.

Binti wa Ilazo, Jumatatu saa 1:10 asubuhi

Wakuu nimelala uzi una kurasa mbili. Nimeshapita kwa Fundi Bwanga kabla ya kwenda kazini, makapi mfuko mzima, na amenichagulia yasiyo ya kuteleza.

Napendekeza Jumamosi hii tukutane Nyerere Square, saa kumi na nusu, jua likiwa limelegea. Mama Shanga amekubali kuja na sindano zake. Mzee wa Vibuyu anakuja na vilivyopasuka. Dada Batiki anasema kemikali haleti, ataleta fulana za mfano. Katambuga, bangili za mbuzi ziache nyumbani.

Mje na mtandio wa jioni. Na plaizi zenu, mimi ninayo moja tu na kibano chake kimelegea.